Jiko Lisilozimwa

Estelle aliweka yai sikioni, akasikiliza, akalirudisha. Akachukua jingine. Papa Kabongo, baba yake, alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akaona mabega ya binti yake yakishuka taratibu.

"Iko baridi, papa. Yote."

Taa ya mashine ya kutotolea mayai ilikuwa imezimika. Mita ya ukutani ilionyesha sufuri. Jana asubuhi Estelle alikuwa ameijaza umeme wa kutosha hadi vifaranga watoke, kisha akaenda kulala msibani kwa rafiki yake Jenny.

"Njo weye uliwasha reshoo?"

"Minye niliiwasha."

"Tangu saa gani?"

"Tangu ulipotoka. Muntu akipita, akute chai iko ya moto."

Katika nyumba hii ya kampuni ya migodi, reshoo, yaani jiko la umeme, halikuwahi kuzimwa. Baba mzazi wa Kabongo, mfanyakazi wa kampuni hiyo, alipewa umeme bure, kama alivyopewa kofia na buti, na kuzima jiko mchana ilikuwa sawa na kumfungia mgeni mlango. Kisha kikaja kituo cha data, nyuma ya ukuta mrefu. Redio ilikisifu: umeme safi wa maji, msamaha wa kodi miaka kumi, kazi kwa vijana. Kazi zilizokuja zilikuwa za walinzi wachache. Umeme ulipita juu ya mapaa ya mtaa wao wa Kikula ukaenda zake nyuma ya ukuta ule; Kikula ikaletewa mita, na bei ikawa inapanda kila msimu. Kabongo alizisikia habari hizo zote. Mkono wake ndio haukusikia.

Mama Mbombo, jirani, aliingia bila hodi. "Papa Kabongo, chai iko wapi leo? Ao bale ba kompyuta bameinywa?"

Hakuna aliyecheka. Akaiona trei ya mayai, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nilikuambia uzime reshoo, papa," Estelle alisema, sauti chini. "Haya yakikufa, sina mbegu ingine. Naenda mugodini Kamatanda kuosha mawe ya madini."

"Ngoja, mwanangu. Ngoja!"

Kabongo akawasha makaa kwenye mbabula, akayapanga mayai kandokando yake. Moja lilikuwa limepasuka kidogo, ncha ya mdomo ikionekana. Akalipulizia pumzi, kama mtu anayempuliza mtoto vumbi jichoni. Akapuliza tena. Mama Mbombo akamshika bega. Akaendelea kupuliza.

Hakuna kifaranga aliyetoka. Jumatatu alfajiri Estelle alijifunga kitenge kikuukuu, akachukua beseni.

"Papa, bukari ya kula mchana iko kwa sahani."

"Kule udongo unaanguka, Estelle."

"Najua."

Kabongo alitaka kumwambia jambo lingine. Akatoka naye hadi mlangoni. Wanawake walikuwa wakipita barabarani na mabeseni matupu kichwani, wakitaniana kwa sauti ya usingizi, na binti yake akaingia katikati yao. Kabongo alimfuata kwa macho hadi kwenye kona. Jua lilipochomoza, mabeseni yote yaling'aa kwa pamoja, naye asijue tena lipi ni la Estelle.