Honi ya Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi fundi umeme wa magari alikuwa ameinamia injini ya gari la mkewe. Nyuma yake mama mkwe amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akimtazama kama msimamizi wa mtihani. Na mtihani ulikuwepo kweli. Saa nne, mama huyo mwenyewe, na miaka yake sitini na mbili, alikuwa anakwenda kujaribu kupata leseni ya udereva kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza aligonga koni. Mara ya pili alikanyaga breki mpaka mtahini akabusu dashibodi. Leo akifeli anaanza kozi upya, na alishaapa haanzi kitu upya tena maishani, hata sweta analofuma.

Mwalimu wake wa udereva alikuwa binti yake, yaani mke wa fundi, na gari hilo ndilo darasa. Likitembea, halina neno. Likisimama dakika tano, linachemsha. Na kule uwanja wa mtihani foleni husogea kama konokono mwenye mawazo.

"Feni imekufa," fundi alitangaza. "Ni mota."

"Umepima au umeotea?" mama mkwe akauliza.

"Mama, miaka ishirini niko na feni hizi. Nikiitazama tu usoni najua."

"Basi itazame na kwa mkono."

Mwalimu akachekea ndani ya kikombe cha chai.

Fundi akaona haya, akaanza mwanzo. Akawasha injini, akawasha na kiyoyozi, maana kiyoyozi kikiwaka feni inatakiwa izunguke hata injini ikiwa baridi. Feni kimya, kama mtu aliyenuna. Akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga: nzima. Akachomoa plagi ya feni, akavuta nyaya mbili toka kwenye betri, akaipa umeme moja kwa moja. Vuuu! Vumbi likaruka.

"Maiti yako imefufuka," mama mkwe akasema.

Mota haikuwa na kosa, basi. Akagusisha taa ya kupimia kwenye plagi: giza. Umeme haufiki. Njiani kulibaki rilei, kile kidude cha mraba kinachobofya ndani kwa ndani na kupitisha umeme. Kwenye kisanduku zilipangana tatu, mapacha watupu: ya feni, ya honi, ya kiyoyozi. Fundi akafanya ujanja wake wa siku zote, ya feni akaiweka kwa honi, ya honi akaileta kwa feni. Feni ikavuma.

"Haya! Nani mkali?"

Mama mkwe, ambaye alishajipenyeza kwenye usukani, akabonyeza honi kumpongeza. Kimya. Akaibonyeza kwa viganja viwili. Kimya.

Wote wakamgeukia mwalimu. Kikombe kilikuwa kimemfunika uso mzima.

"Mke wangu," fundi akaita taratibu, "kuna mtu kaingia kwenye hiki kisanduku?"

"Si wiki iliyopita honi ilikufa? Na mtahini kitu cha kwanza anataka honi. Wewe hupo. Nikafanya ninavyokuona ukifanya kila siku, nikabadilisha rilei yake na ya jirani, ile ya feni. Ikalia, nikaenda zangu."

"Mimi nabadilisha ili kupima, halafu narudisha!"

"Hiyo sehemu ya kurudisha sijawahi kuiona."

Fundi akakumbuka magari mawili matatu ya watu pale mtaani, akahamia swali lingine.

"Na honi nani aliiua?"

Mwalimu akamtazama mama yake. Mama yake akaanza kufuta miwani. Mtaa mzima ulijua kwamba huyu mama humpigia honi hata mtu aliyekaa kibarazani kwake.

Saa tatu na robo. Duka la vipuri hufunguliwa saa nne. Rilei nzima mbili, kazi tatu. Bila honi mtahini hapandi, bila feni watafika zamu yao wakiwa ndani ya mvuke. Fundi akaipa honi rilei ya kiyoyozi, na ile mfu akaizika kwenye kiyoyozi.

"Mtahini wa leo ni yule mnene," mwalimu akaonya. "Akikosa ubaridi ananuna, na akinuna anafelisha."

"Niachieni mimi," mama mkwe akasema, akafunga mkanda.

Uwanjani fundi, aliyewafuata na pikapu yake, alisimama kwenye uzio, masikio kama ya sungura. Gari likasota kwenye foleni. Kila baada ya dakika chache, vuuu, feni inavuma, inazima. Mvuke hakuna. Zamu ikafika. Honi ikalia vizuri, tena mara nne wakati imeombwa moja. Mtahini akapanda, mkono ukaenda kwenye kitufe cha kiyoyozi. Kupitia dirisha lililo wazi fundi akaona mkono ule ukipigwa kofi dogo, kama la kumkanya mjukuu anayechezea sukari.

"Baridi na kifua changu haviivi, mwanangu. Shusha kioo."

Mtahini akashusha kioo.

Koni zote zilibaki zimesimama. Breki ilikanyagwa kwa adabu. Mtahini alishuka shati limemganda mgongoni, akasaini, akakimbilia kivuli.

"Kapita!" mwalimu akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Mama mkwe akaondoka na gari, binti yake pembeni, akiwapigia honi koni, paka, na mtahini mwenyewe. Fundi akageuza pikapu yake kuelekea duka la vipuri.

"Nataka rilei kama hii," akamwambia muuzaji.

"Moja?"

Mtaa wa tatu huko honi ikalia tena, ndefu, ikakatika, ikaanza upya.

"Nipe nne," fundi akasema.