Vitabu Vilivyonuka Moshi

Mwalimu Mkuu Mungania aliinua kitabu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia.

"Mwalimu Akiru, mimi nilikupa vitabu au nilikupa sufuria?"

Akiru alitazama viatu vyake. Alikuwa na mwaka mmoja tu tangu atoke chuo cha ualimu, na tangu aje Burat hakuwahi kumjibu mkubwa wake zaidi ya "ndiyo, mwalimu." Lakini mwanzoni mwa muhula huo wa 1982 alijikaza akaomba ruhusa ya kufanya utafiti mdogo: watoto wa darasa la tatu waende na vitabu vya hadithi nyumbani, kisha aone kama watasoma vizuri zaidi. Mungania, ambaye vitabu vyake vilikuwa vimekaa kabatini miaka minne bila kukunjika hata ukurasa, alikubali shingo upande. Sasa arobaini vilikuwa mezani, vinanuka moshi, vina madoa ya maziwa ya ngamia.

"Mkaguzi anakuja kesho. Vinarudi kabatini leo, na havitoki tena."

Akiru akavitazama vile vitabu. Atawaambia nini wale watoto Jumatatu, siku ya kugawa vitabu?

"Mwalimu," alisema, akiongea na kifungo cha shati la Mungania, "huo uchafu ndio nimekuwa nikipimia."

"Ukipima nini? Ulafi?"

Akiru akafungua kitabu alichoanza nacho Lokol, mmoja wa wanafunzi wake. Kurasa nne za kwanza zilijaa alama za vidole. Wa tano ulikuwa mweupe pe. "Hapa ndipo alipokwama. Hakuniambia, ana haya. Nilikaa naye jioni mbili. Na hiki ndicho alichochukua baadaye." Masizi yalifika hadi ukurasa wa mwisho.

Mungania akaguna. "Pengine wanavishika tu wakila."

"Basi muulize mmoja." Akiru alishtushwa na sauti yake mwenyewe.

Akaitwa Sirad, mwenye kitabu kichafu kuliko vyote. Aliingia akatoa salaam aleikum, mikono nyuma.

"Wewe unasomea wapi?"

"Kwa ayeyo, mwalimu, nyanya yangu. Yeye anatikisa kibuyu cha maziwa, mimi namsomea. Nikinyamaza ananifinya: 'Endelea, yule mwizi wa kuku ameshikwa?'"

Mungania si mtu wa kudanganyika. Kitabu kile pengine msichana alikuwa amekikariri. Akatoa kingine kabatini, karatasi bado zimeshikana. Sirad akasoma polepole, kidole chini ya mstari. Katika ukurasa wa pili aliangua kicheko hadi akashika meza.

"Nini tena?"

"Huyu mzee, mwalimu! Ameuza punda wake ndio apate kununua kamba ya kumfungia!"

Mungania alimnyang'anya kitabu. Alisoma, midomo ikicheza, kisha tumbo likaanza kutikisika.

"Miaka minne nimemfungia mjinga huyu ndani," alisema akifuta machozi, "na hata sikujua yumo." Akavisukuma vile vichafu mbele ya meza. "Vikae hapa hapa. Mkaguzi akija, wewe utamweleza."

"Mimi?"

"Sasa nani? Mimi sijui kusoma masizi. Na Jumatatu uje uchukue hivi vya kabatini pia."

Sirad hakungoja Jumatatu. Alikuwa amekwisha fika mlangoni, kitabu kipya kwapani.

"Ayeyo atataka kujua kama alipata punda mwingine," alisema, akatoka mbio.