Gemu la Mgonjwa wa Pangani

Tangu asubuhi Asmaa hakai. Anaingia, anatoka uani, anarudi. Hilal, binamu yake, yuko kwenye kompyuta anatikisa mguu mpaka meza inacheza. Wajukuu wangu hawa wametengeneza gemu lao miaka miwili, hapahapa kwangu Ngamiani, na saa kumi ndiyo mwisho wa kulipeleka kwenye shindano. Imebaki fomu kujazwa: gemu ni la aina gani?

Asmaa anataka liandikwe la uhusika, maana mchezaji anakuwa mganga wa Pangani na anachagua mwenyewe la kufanya. Hilal anasema la uhusika lazima nguvu za mtu zipande, ajifunze, abadilike. Lao halina hayo, lina vita, basi ni la mapigano. Nilidhani ni neno tu. Kumbe Asmaa ameshaapa, likiandikwa mapigano jina lake litoke na kila mmoja ashike njia yake.

Nikawaambia nipeni nicheze.

Mganga wangu akaitwa vitani, na ndani kulikuwa na mama mgonjwa. Nikakaa naye. Hilal akaguna, "Bibi, hapo huchezi, umekaa tu."

"Mwache, amechagua," Asmaa akamjibu.

Nikakaa mpaka kukapambazuka mle ndani ya gemu. Mgonjwa akaamka, akanisalimu kama mgeni aliyebisha hodi sasa hivi. Nikamuuliza Asmaa kama huyu mama anajua nimekesha naye. Akatikisa kichwa.

Nikawasimulia Bakar alipofariki. Mimi mtani wake, na mtani msibani humwigiza marehemu, nikavaa kanzu yake na kofia, nikashika bakora, nikaketi barazani kwake nikadai kahawa kwa sauti yake. Watu walicheka, lakini bado nilikuwa mimi. Mpaka Mize, mjane wake, alipotoka akanitazama, akasema, "Kahawa ya nini, nawe umeondoka bila kuniaga?" Hapo nikawa Bakar.

Asmaa akasogea kwenye fomu. "Andika mapigano," akasema. "Jina langu liache humo. Nimekuwa nikikitetea kitu ambacho hakimo."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Hilal kashinda, kidole kiko juu ya kitufe, na habonyezi. Akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Akaifunga fomu.

"Wewe, kungoja shindano lingine ni mwaka mzima huo," Asmaa akamwambia.

"Najua." Akafungua yale maandishi yao ya kuundia gemu, nisiyoyaelewa, akavuta kiti cha pili. Kisha akanigeukia. "Bibi, yule mgonjwa ungetaka akwambie nini?"

Nikafikiri. Nikasema aniulize kama nimelala. Na siku nikimwacha nikaenda vitani, nikirudi asinijibu salamu.

Asmaa akaketi. Wakaanza kubishana upya, safari hii kuhusu mgonjwa atanuna siku ngapi. Saa kumi ikapita, mimi peke yangu nikiitazama saa.