Mizigo Chini Kwihara

Levina alikuwa amewatembeza wageni mjini Tabora kwa miaka tisa kabla hajatokea mtu wa kumfundisha namna ya kuwatembeza.

Alizaliwa Cheyo, akaolewa Kitete, na mumewe alipofariki akarudi Cheyo na ndoo zake za asali. Kazi ya wageni hakuitafuta. Siku moja mwalimu mstaafu aliteremka kwenye treni, ana nusu siku ya kusubiri safari ya Kigoma, akamkuta Levina anauza asali nje ya stesheni na kumuuliza mji huu una nini cha kuona. Levina alifunika ndoo, akamwachia jirani, akamchukua. Alimpandisha kwenye Boma la Wajerumani, akampitisha mitaa ya zamani yenye milango iliyonakshiwa, akamlisha wali na maharage sokoni, akamwonjesha asali za aina tatu mpaka yule mwalimu nusura aachwe na treni. Tangu hapo wakawa wanakuja, wawili leo, watano mwezi ujao, wakiulizia yule mama wa asali.

Safari yake aliimalizia Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe la kale walikopumzika wapelelezi wa Kizungu. Wageni walipenda kuingia ndani na kutazama picha ukutani. Levina aliwaacha watazame. Kisha aliwatoa nje, akawasimamisha kwenye mchanga juani, akawaambia, "Humo ndani alikaa mtu mmoja na wenzake wachache. Hapa nje walisimama mamia, na mizigo yao. Sasa tuwaongelee hawa."

Ndipo ikaja kampuni ya Nyota ya Bara, na meneja wake Majidi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole, shati limenyooka hata saa tisa mchana, ametumwa kutoka Dar es Salaam kufungua njia ya utalii ya misafara ya zamani. Alimwajiri Levina wiki ya kwanza tu, maana kila aliyemuuliza alimtajia jina hilo hilo. Kwa miezi mitatu walielewana vizuri. Mwezi wa nne alimwita ofisini na kumpa karatasi.

"Dada Levina, watu siku hizi hawataki kusikiliza, wanataka kuona," alisema. "Soma hapo."

Levina alisoma. Wapagazi kumi na wawili, pekupeku, wamevaa matambara. Mizigo imejazwa sponji. Msimamizi mwenye kiboko. Wapagazi wanakuja wakiimba kwa furaha. Mmoja anaanguka, msimamizi anamchapa, wageni wanapiga picha. Alirudia kusoma tangu juu.

"Hapa umeandika wanaimba kwa furaha," alisema, "na hapa chini wanachapwa."

"Ni igizo tu, dada."

"Kaka Majidi, wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa. Walipatana kazi, wakabeba, na njia waliijua kuliko hao waliokuwa wakibebewa. Watumwa nao walipita hapa, tena wengi, na hao siwezi kuwaigiza ili mtu apate picha ya simu. Wewe umewachanganya wote kwenye gunia moja."

"Mgeni hawezi kujua tofauti."

"Ndiyo maana nipo mimi."

Majidi alitabasamu, lakini hakuichukua karatasi yake. Alisema makao makuu wameshapitisha, kundi la wageni kumi na tisa linafika Jumamosi ya wiki ijayo, na kama yeye hawezi kupata watu wa kuigiza, atatafutwa mwingine wa kuwapata. Aliyasema hayo kwa upole ule ule, na upole ndio uliomchoma Levina. Angefokewa, angefoka. Aliwaza kwamba akikataa leo, Jumamosi hiyo watu watachapwa pale pale Kwihara na yeye hatakuwepo hata kusema neno.

Aliikunja karatasi, akaitia mkobani.

"Watu nitawaleta mimi," alisema.

Jioni hiyo alikwenda kwa Raymundi, mdogo wa marehemu baba yake, mkulima wa tumbaku anayekaa pembezoni mwa Cheyo. Alimkuta anapanga majani makavu kwa madaraja yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

Levina alimsomea karatasi yote. Raymundi aliendelea kupanga majani hadi mstari wa kiboko, hapo mikono ikasimama.

"Babu yangu alifika pwani mara sita," alisema. "Sita, kwa miguu, kwenda na kurudi. Wakati ule kijana asiyefika pwani hakuna aliyempa mke. Na walipomzika hawakusema tumemzika mkulima. Walisema tumemzika mtu aliyefika pwani."

"Na walipoonewa njiani, walifanyaje?"

"Waliweka mizigo chini." Alisema kama anayeeleza jambo la jana. "Marehemu baba alinisimulia. Msafara mzima unaweka chini, watu wanakaa juu ya mizigo yao, wanavuta tumbaku. Mwenye msafara apige kelele mpaka koo limkauke. Vitambaa vyake, shanga zake, nyaya zake, nani atabeba? Mwishowe anakuja mwenyewe, anaongea vizuri."

Walitazamana. Raymundi alichukua jani jingine, akalinyoosha kwenye goti.

"Hiyo karatasi inasema mmoja wetu aanguke," alisema. "Mwambie huyo bwana kwetu hakuna atakayeanguka."

Watu kumi na mmoja waliobaki walipatikana kwa siku mbili. Julieth, anayebeba magunia sokoni, alikuwa wa kwanza. Lugembe wa bodaboda alikuja kwa ubishi tu, akisema mzigo gani huo wa kuwashinda vijana wa leo. Wengine walitoka kwaya ya Moravian. Kila mmoja alipotajiwa matambara alikataa, wala Levina hakuwabembeleza. Walikubaliana wavae nguo zao za kanisani. Walikubaliana pia kwamba mizigo itakuwa mizigo. Levina alijua uzito waliobeba wapagazi, kilo thelathini na mbili hivi, na wakashona viroba vya mchanga vya kilo hizo.

Jioni ya kwanza ya mazoezi Lugembe alitembea hatua mia mbili, akasimama, shingo imekakamaa, akaomba ashushiwe. Hakuna aliyemcheka. Levina naye alijitwisha. Alikuwa ameutaja uzito ule kwa wageni mara mamia, kwa mdomo, akiwa na chupa ya maji mkononi, na sasa ndiyo kwanza ulimkaa utosini. Alihisi kila chembe ya mchanga barabarani. Aliposhusha alikaa pembeni peke yake, aibu imemshika kwa ile miaka tisa ya maneno mepesi, na aliponyanyuka ile hasira aliyotoka nayo ofisini ilikuwa imetulia, imekuwa kitu kigumu zaidi.

Jumamosi ilifika. Majidi alitangulia Kwihara na gari dogo, na alipowaona wabebaji wake wamesimama nyuma ya tembe na mashati meupe na magauni ya vitenge, rangi ilimbadilika.

"Nguo ziko wapi, dada Levina?"

"Ndizo hizo."

"Hatukukubaliana hivi."

"Hatukukubaliana chochote. Ulinipa karatasi."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Basi lilikuwa limeshasimama, na wageni wanateremka na kofia zao. Wengi walikuwa wauguzi wastaafu kutoka Morogoro, wachache Wazungu, na mzee mmoja mnene mwenye kamera kubwa. Majidi alimwashiria Shaban, dereva wa kampuni, ambaye alikuwa amevishwa kanzu na kupewa kiboko. Shaban alikwenda kusimama kando ya njia kama mtu aliyetumwa kulinda shamba lisilo lake.

Wabebaji walitokea kwenye kona. Raymundi mbele, Julieth nyuma yake, wengine mstari mmoja. Waliimba, lakini haukuwa wimbo wa furaha wala wa kilio. Ulikuwa wimbo wa kazi, mzito, unaopokezana na hatua. Unapokuwa karibu, mzigo wa kweli unauona shingoni mwa aliyeubeba.

Walipomfikia Shaban, aliinua kiboko kama alivyoagizwa. Raymundi alisimama. Alimtazama, bila chuki, kisha akashusha kiroba chake taratibu na kukiweka mchangani. Julieth akashusha. Viroba vikafuatana, puu, puu, hadi cha kumi na mbili. Kisha kila mmoja akakaa juu ya kiroba chake. Raymundi alitoa kiko mfukoni mwa koti lake la Jumapili, akaanza kukijaza.

Shaban alikiteremsha kiboko, akakificha nyuma ya mgongo.

Majidi alimsogelea Levina, sauti ya chini. "Waambie waanze tena."

Raymundi alimsikia. "Tumeshaanza, bwana," alisema. "Hapa ndipo pananoga."

Levina aligeukia wageni.

"Mlichokiona ndicho walichokifanya wazee wetu walipoonewa," alisema. "Karatasi niliyopewa inataka mmoja wao aanguke achapwe mbele yenu. Viboko vilikuwepo, sitawadanganya. Lakini hawa hawakuwa ng'ombe. Walipoona sasa basi, waliketi hivi, na msafara wote, na bunduki zake, ulikaa nao hapo hapo. Hakuna mpelelezi aliyekwenda popote bila watu hawa kukubali kunyanyuka. Ndiyo Tabora. Mkirudi kwenu mkiulizwa mmeona nini, semeni mmeona hivi."

Mzee wa kamera alishusha kamera yake. "Mama, sisi tumekuja kutalii, hatukuja kusomeshwa," alisema. "Kwenye tangazo tuliona maigizo."

"Nakuelewa, mzee wangu," Levina alimjibu. "Lakini hilo la kwenye tangazo hapa hutaliona. Siyo leo, wala siku nyingine nikiwepo."

Mzee alikwenda kukaa kwenye basi. Wanne walimfuata. Levina aliwaona wakiondoka na ilimuuma, kwa sababu alipenda wageni wake na hakuwa amezoea kupewa migongo.

Kisha mama mmoja katika wale wauguzi, jina lake Veneranda, alivua miwani, akamkabidhi mwenzake mkoba, akaja mbele.

"Nitwisheni," alisema.

"Ni mzigo wa kweli, mama," Julieth alimwonya.

"Nimenyanyua wagonjwa miaka thelathini na nne. Nitwishe, mwanangu."

Julieth alimwekea ngata kichwani, Lugembe akasaidia kupandisha kiroba. Mama Veneranda alitetereka, akajikaza, akaanza kutembea. Alikwenda hatua ishirini na mbili, wenzake wakizihesabu kwa sauti, kisha akashushiwa, jasho linamchuruzika. Alipopata pumzi aliuliza, "Hadi pwani?"

"Hadi pwani," Raymundi alisema. "Miezi mitatu. Na kurudi."

Baada ya hapo wageni walipanga mstari. Mmoja alishindwa hata kunyanyua, mwingine alifika kwenye kona. Walikuwa wakiwauliza wabebaji maswali, na wabebaji wakajibu wenyewe, kila mtu habari za babu yake, mpaka Levina hakuwa na la kuongeza. Jua lilikuwa limepanda sana Majidi alipomwita pembeni.

"Kazi yako na sisi imeishia hapa," alisema.

"Sawa. Lakini wageni hawa niwamalizie. Hawajaona soko wala stesheni."

Majidi alikwenda kwenye gari lake, na Levina aliwamalizia.

Alirudi kwenye ndoo zake Jumatatu. Wiki mbili zilipita kavu. Kampuni ilimpata kijana mwingine wa kutembeza, mwerevu tu, lakini alipotumwa kutafuta wabebaji alizunguka Cheyo yote na Kitete akarudi mtupu. Kila nyumba walimjibu vilevile: mwambie aje Levina. Kijana alipeleka jibu hilo ofisini, na kiboko hakikutoka tena.

Majidi alikuja nyumbani kwa Levina siku ya Alhamisi, alasiri, amevaa shati lililonyooka. Levina alikuwa anaanika michembe kwenye mkeka, viazi alivyovikata tangu asubuhi. Alimpa kigoda.

"Wale wauguzi wameandika," Majidi alisema. "Makao makuu wamesoma. Wanataka urudi, dada. Kiboko hakuna. Nguo zenu wenyewe. Mizigo ya kweli, sawa." Alisita. "Ila ile ya kuweka chini, wanaomba iondolewe. Wapite tu, waimbe, waende zao. Inawakera baadhi ya wageni."

Levina aligeuza michembe upande wa pili, kipande kwa kipande, kabla hajamjibu.

"Kaka Majidi, wewe unaona ni haki?"

Majidi alitazama mkeka. "Mimi niliona vizuri siku ile," alisema polepole. "Lakini si mimi ninayeamua."

"Basi wapelekee jibu wanaoamua. Waambie tutabeba, na tukifika pale tutaweka chini. Wasipotaka, njia ya Kwihara haina geti. Nitakwenda na watu wangu kwa miguu, hata wawe watatu."

"Watasema unawawekea masharti."

"Ndiyo, nawawekea."

Majidi alikaa kidogo zaidi, akala mchembe mmoja aliopewa, akaaga. Alipofika barabarani Levina aliingia ndani kuchukua simu, akampigia Raymundi kumwambia kwamba keshokutwa kuna wageni wanne kutoka Kaliua, wametaka kubeba wenyewe kuanzia mjini, kwa hiyo viroba vifikishwe mjini alfajiri, waondoke kabla jua halijawa kali.