Nani Alimchora Bi Tobo

Mdogo wangu si mwizi. Tumelala chumba kimoja utoto mzima. Angekuwa na mkono mrefu, wa kwanza kulia ningekuwa mimi.

Lakini mtandaoni watu walikuwa wameweka picha mbili bega kwa bega. Moja ya Babu Wino, mchora katuni wa gazetini wa zamani. Nyingine ya kitabu kipya cha mdogo wangu. Zote zina bibi mnene, miwani juu ya paji la uso, kiatu cha kushoto kimekatwa tundu ili kidole kinachouma kipumue. Wizi wa mchana kweupe, wakasema. Mchapishaji akampa hadi jioni: ajieleze, la sivyo kitabu kinaondolewa madukani.

Maelezo yalikuwepo, tena mepesi. Babu Wino ni mama yetu. Yeye alichora kwa penseli, na mdogo wangu tangu utotoni akakaa pembeni yake kujazia wino, mpaka mkono wake ukawa mkono wa mama. Na yule bibi wa kiatu chenye tundu, ambaye kwenye katuni anaitwa Bi Tobo, ni bibi yetu mzaa baba, ambaye mama amekaa naye nyumba moja tangu aolewe. Ndiyo maana alijificha nyuma ya jina la mwanamume. Nani anamchora mama mkwe wake watu wacheke, halafu ampelekee chai?

"Nitanyamaza," mdogo wangu alisema. "Kitabu nitaandika kingine. Bibi sina mwingine."

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Mama, aliyetusikia akiwa anaosha vyombo, alikausha mikono, akaenda sebuleni, akapiga magoti mbele ya bibi aliyekuwa akikunja nguo.

"Mama, yule Bi Tobo ni wewe. Mimi ndiye niliyekuchora. Nisamehe."

Bibi alimaliza shuka lake kwanza.

"Unadhani sina kioo? Nilijua tangu picha ya kwanza. Nikanuna wiki nzima, wewe ukadhani nina homa. Halafu ukanichora nimemvaa yule mwalimu aliyempiga mjukuu wangu. Ulinichora mrefu kuliko mlango. Nikasema, kumbe huyu ananipenda, ila maneno hayamtoki. Tangu siku hiyo nikawa nalisubiri gazeti."

Mama aliweka kichwa mapajani kwa bibi, akalia. Bibi alimpapasa mgongo, akatutazama sisi tuliosimama mlangoni.

"Nileteeni simu. Nataka huyo mchapishaji anieleze, mtu anamwibaje bibi yake mwenyewe."