Mikono Iliyobaki Ghalani

Asubuhi ya safari Capitoline alipakia gari peke yake, maana mumewe hakuwa na mikono. Alipanga boksi la barafu nyuma, sufuria ya maharage iliyofungwa kitambaa juu ya mfuniko, mablanketi na mfuko wa sambusa. Nazaire alisimama pembeni, kwenye maegesho ya apatimenti zao pale Fort Worth, Texas, akionyesha kwa kidevu mahali penye nafasi. Mikono yake iliishia kwenye viwiko. Mkewe alikuwa amemkunjia shati na kulibana kwa pini ili lisipeperuke, lakini kumjibu hakumjibu. Tangu jana jioni alikuwa hamjibu.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka huo wa 2019 ghala alilofanyia kazi Nazaire lilikuwa na utaratibu wake. Mfanyakazi anayetaka likizo mwezi wa sita, wakati mizigo imefurika, alitakiwa kuacha mkono mmoja ili kazi isilale. Mkono ulibaki kwenye mkanda unaotembea, ukageuza maboksi, na mwenyewe akirudi alirudishiwa. Watu walikuwa wameshazoea. Waliacha mkono Ijumaa kama mtu anavyoacha funguo kwa jirani, wakaenda kuozesha mabinti zao au kuzika wazee wao, na wakaja kuuchukua wiki iliyofuata.

Nazaire hakuwahi kuomba likizo tangu walipofika Marekani kutoka kambini Tanzania. Safari hii aliomba kwa sababu ya Carmen, kitinda mimba wake wa miaka mitano. Mwalimu wa Carmen aliwaonyesha darasani picha ya Grand Canyon, korongo refu huko jangwani ambalo chini yake unapita mto, na mtoto akarudi nyumbani akiuliza mto unaingiaje mle ndani. Nazaire alimwahidi kwamba atampeleka, atamwinua na kumshika vizuri, aangalie mpaka chini. Ahadi yenyewe ilikuwa hiyo tu, kumshika.

Basi Ijumaa akaingia ofisini. Mama wa ofisini alisogeza beseni la plastiki juu ya meza na kumwambia aweke mkono. Sasa, mtu aliyelelewa na Warundi hampi mtu kitu kwa mkono mmoja mtupu. Hunyoosha wa kulia, na wa kushoto huushikilia ule wa kulia kwa chini, karibu na kiwiko, ndiyo heshima. Nazaire alifundishwa hivyo na mama yake tangu hajui kuvaa suruali, na kila alipokosea alipigwa kofi. Alinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukiutegemeza, na yule mama akaichukua yote miwili. Ilitoka bila damu, kwa mlio mdogo kama wa kufungua chupa ya soda.

Nazaire aliona kwamba kosa limetokea. Aliona pia kwamba yule mama ameliona, maana alitazama beseni, akamtazama yeye, kisha akavuta mfuniko. Yule mama alijua alichokuwa anafanya. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaona Warundi wakipokea hata chupa ya maji ya bure kwa mikono miwili. Lakini kumwambia mtu akurudishie kitu ulichompa kwa heshima ni kumtukana, na Nazaire hakulelewa kutukana watu. Akashukuru, na mtu mwingine akamfungulia mlango.

Alipofika nyumbani Capitoline alivitazama viwiko vyake.

"Kwa hiyo umewapa yote."

"Nilitoa kwa heshima, Mama Bertrand. Ningefanyaje?"

"Heshima hawana haja nayo hao. Haja yao mikono."

Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho mpaka mji wa Amarillo, mwendo wa saa tano. Capitoline alikuwa na leseni, lakini hakuwahi kuendesha gari mbali zaidi ya hoteli anakosafisha vyumba, na barabara kuu alikuwa anaiogopa. Siku hiyo hakuiogopa. Aliyapita malori makubwa, moja baada ya jingine, macho mbele, ameuma midomo. Hasira ilikuwa imekaa kwenye usukani pamoja naye, na kwa kweli iliwafikisha salama.

Bertrand, mtoto wao wa kwanza, kijana wa miaka kumi na mitano, alikaa na baba yake kiti cha katikati akimlisha sambusa na kumfuta mdomo. "You could just tell them it was a mistake, Papa," alisema. Nazaire alimwambia kwamba siku akiwa na kazi ataelewa. Bertrand akajibu, bado kwa Kiingereza, kwamba kazi ya namna ile hataifanya. Nazaire alifurahi kusikia hivyo, na pia akaumia.

Saa ya zamu yake ilipofika, viwiko vyake vilianza kuchezacheza. Alihisi kila kitu kinachofanyika kule ghalani. Mikono yake ilishika boksi, ikaligeuza upande huu na upande ule mpaka lebo ikawa juu, ikaligonga mara mbili, ikalisukuma kulia. Ikashika jingine. Gari lilikuwa limeshaingia New Mexico, ardhi imekuwa nyekundu, na Carmen anahesabu ng'ombe dirishani, lakini baba yake alikuwa kwenye maboksi. Walipofika motelini zamu ilikuwa imekwisha, na mikono haikusimama. Ilikuwa imepelekwa zamu ya pili. Alimweleza mkewe, na Capitoline akasema ndiyo, si haili, si haiendi chooni, waipumzishe kwa nini.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Jumapili ndiyo siku Nazaire anayomsuka Carmen nywele kabla ya misa, kwa kuwa Capitoline huingia hotelini alfajiri. Alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kurudia, na alikuwa amefikia kujua njia zote za kichwa kile. Safari hii Capitoline ndiye aliyesuka, kwenye kitanda cha motelini, akivuta kwa hasira asiyojua kuiweka wapi. Carmen alilia kidogo. Akasema mikono ya Papa haivuti.

Kwenye geti la hifadhi ya Grand Canyon askari aliangalia ndani ya gari, akaviona viwiko, akauliza kama ni ghala. Nazaire akakubali kwa kichwa. Askari alisema mwezi wa sita huwaona wengi, akawaelekeza maegesho ya karibu ili asitembee sana. Alisema vizuri tu, kama anavyoelekezwa mtu mwenye mtoto mchanga.

Pale ukingoni walimkuta mwanamke aliyewasikia wakiongea Kiswahili akaja kuwasalimia. Aliitwa Jedidah, Mkenya, muuguzi wa nyumba ya wazee kule Garland, si mbali na kwao, ambako nako utaratibu ulikuwa huohuo, na alikuwa amekuja na wenzake wa kanisani. Mkono wa kushoto wa sweta yake ulikuwa mtupu, umeingizwa mfukoni nadhifu. Alinyoosha wa kulia kumsalimia Nazaire, akakosa cha kushika, akamgusa bega.

"Haki, pole," alisema. "Mimi huacha wa kushoto tu. Huku ukipeana mbili, wanachukua mbili."

"Mwambie," Capitoline alisema. "Mwambie tena, labda kwako atasikia."

Nazaire aliinamisha kichwa. Jedidah hakurudia. Alisema tu kwamba mwaka wa kwanza na yeye nusura atoe yote, akaokolewa na mwenzake aliyemvuta nyuma.

Capitoline aliangalia korongo mara moja akarudi nyuma. Barabara aliiweza, lakini shimo lile hakuliweza. Alikwenda kukaa kwenye benchi, mgongo akaugeuzia ukingo, na Jedidah akakaa naye. Bertrand alikuwa amesogea mbele kidogo kupiga picha. Carmen alibaki na baba yake kwenye kiukuta cha mawe, akalalamika kwamba anaona mawe tu, mto hauoni. Nazaire alimwambia amsubiri kaka yake. Mtoto alikuwa ameahidiwa jambo, na aliyeahidi alikuwa amesimama hapo hapo. Carmen akapanda ukuta.

Nazaire aliinama akamkamata kwa meno, gauni, nyuma ya shingo, na kitambaa cha kutosha kikajaa mdomoni. Alikanyaga chini kwa nguvu na kuegemeza kifua kwenye jiwe. Carmen, alipojiona ameshikwa, aliinama mbele kwa raha zake zote. Mzungu mmoja aliyekuwa karibu aliwapisha ili asiwazibe.

Ndipo kule ghalani kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikaingia kwenye mkanda.

Nazaire alikijua kabla hakijafika kwenye roda, gurudumu linalouvuta mkanda. Aliuhisi ukucha, kisha pingili, kisha mfupa, polepole, maana mkanda ule ulikuwa hausimamishwi kwa sababu ya kidole. Machozi yalimtoka, mkojo ukamponyoka kidogo. Mwili mzima ulitaka kupiga kelele, na kelele hupita mdomoni, na mdomoni alikuwamo mtoto. Hakufungua. Aliunguruma ndani kwa ndani, jasho likimtiririka machoni, meno yakasagana juu ya kitambaa cha maua.

"I see it, Papa," Carmen alisema. "I see the river. It's so small."

Alitazama kadiri alivyotaka. Bertrand alipogeuka na kuwaona alikuja mbio, akamkumbatia dada yake kiunoni na kumshusha. Hapo ndipo Nazaire alipofungua mdomo. Alipiga ukelele, na korongo likaurudisha, tena na tena, kutoka kuta za mbali. Watu walishusha simu zao kwa adabu mpaka ukaisha, wakaendelea kupiga picha.

"Hicho ni kidole," Jedidah alimwambia Capitoline pale benchini. "Mimi nilivunjwa changu mwaka jana."

Bertrand alisema warudi nyumbani. Nazaire, amekaa chini, alikubali. Safari ilikuwa iendelee mpaka Zion, hifadhi nyingine huko Utah, lakini nani alikuwa na hamu tena. Capitoline alimfuta mumewe uso, akamfuta na sehemu iliyolowa, akasimama na funguo za gari.

"Wamechukua mikono miwili," alisema. "Tutaona makorongo mawili."

Wakaenda. Zion korongo lake unalitazama kutoka chini, kwa hiyo Capitoline hakuogopa. Waliingia mtoni na viatu, kuta nyekundu zimepanda huku na huku, maji yanafika magotini, na Carmen alitembea ameshika upindo wa shati la baba yake. Kwenye picha alizopiga Bertrand hakuna anayecheka. Wote wanne wanaitazama kamera kana kwamba ndiyo imewakosea.

Waliporudi Fort Worth Capitoline aliingia naye ofisini. Mama wa ofisini alileta beseni, akafunua. Mikono ilikuwa imevimba, kucha nyeusi kwa gundi ya tepu, na kile kidole hakikuwapo. Ilipachikwa, ikashika. Capitoline aliuliza kidole kiko wapi na nani atakilipia matibabu. Yule mama alieleza kwa upole kwamba saa ile Nazaire alikuwa likizo, na mtu aliye likizo hawezi kuumia kazini. Capitoline akauliza, na mkono je? Mkono ulikuwa amana, yule mama alisema, na amana si mfanyakazi. Basi Capitoline akauliza ni nani aliyeagiza miwili, maana sheria yao inasema mmoja.

"Hakuna aliyeagiza," yule mama alijibu. "Alitoa mwenyewe."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli Capitoline alitamani kumvika lile beseni kichwani. Alilitazama hasa, akapima. Kisha akafikiria kodi ya nyumba, akaliacha mezani. Yule mama alimpa Nazaire kadi yake ya zamu, kwa mkono mmoja, huku anaangalia simu. Mikono ya Nazaire iliipokea yote miwili.

Jumapili iliyofuata Carmen alileta kitana na mafuta, akajipenyeza katikati ya magoti ya baba yake kama kawaida. Mikono ilimshika mabega. Ikamgeuza upande mmoja, ikamgeuza wa pili, ikamwinua kidogo kuona uzito wake. Ikapapasa shingoni mpaka ikaipata lebo ya gauni, ikaitoa nje na kuinyoosha. Halafu ikamgonga kichwani mara mbili na kumsukuma kulia, kuelekea jikoni.

"Nisamehe, mama," Nazaire alimwambia binti yake. "Rudi."

Carmen alirudi, na mikono ikafanya vilevile. Ikarudia mpaka saa ya misa ikawakuta. Capitoline alikuwa mlangoni na sare ya hoteli, funguo mkononi, kazini alitakiwa tangu alfajiri, na kwa mara ya kwanza tangu safari ianze alilia, kwa hasira, kwa sauti, bila kujificha kwa watoto.

Hawakupata dawa yake. Padri aliibariki mikono, daktari akasema haina ugonjwa. Ghalani walimsifu Nazaire kwamba tangu arudi amekuwa na kasi kuliko alivyokuwa na vidole kumi, wakamwongezea maboksi. Nywele za Carmen sasa husukwa na jirani yao Clothilde, ghorofa ya chini. Lakini kila Jumapili, kabla ya kushuka, mtoto hupitia kwanza kwa baba yake. Huitoa lebo ya gauni mwenyewe, akailaza nje ya shingo, kisha husimama wima mbele yake, mikono ameibana mbavuni, ili Papa asihangaike kuitafuta.