Mbuzi Niliyemfuta

Sikusoma sheria chuoni. Nilijisomea katika maktaba ya mtaa wa Merrylands, huku ugenini, miaka kumi na minne, tangu ghala la kwanza liliponifukuza kwa kuuliza swali. Jina la meneja aliyenifukuza ninalo mpaka leo. Ndiyo maana Rodrigue, kijana wa Kikongo, alipopondwa na foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, akafa kazini ghalani, niliitwa mimi, Zakayo.

Matanga yalikuwa mtaa wa Mount Druitt, kwa mama yake, Bibiane. Wakongo hawaachi kifo kikae kimya: kila aliyeingia alisimuliwa upya, mpaka nyumba nzima ikakijua kisa kwa moyo. Siku ya nne nikafungua kompyuta, nikawaketisha pamoja wenzake watatu wa ghalani, Ketsia, Symphorien na Anicet.

Ketsia akaanza. "Asubuhi ile Rodrigue aliambia msimamizi, mi niko pale: 'Hii breki inalia sawa mbuzi, mi siipandi.' Akajibiwa, 'Panda ama rudi kwenu.'"

"Na mimi nilisikia," akasema Symphorien.

"Hata mimi," akasema Anicet.

Nilishuku kuwa hao wawili waliyasikia maneno hayo pale pale matangani. Hata hivyo nikawaandika wote watatu. Maisha yangu yote nimehubiri kwamba mnyonge akisema peke yake hasikiki.

"Huyo mbuzi tumtoe kwenye maelezo," nikasema. "Jaji atatucheka."

"Lakini Papa Zakayo, ndivyo alisema."

"Mwanangu, kortini si kilioni."

Nikaandika: kasoro katika mfumo wa breki. Karatasi tatu za ushahidi, maneno yale yale, sahihi tatu.

Mwaka na nusu baadaye, kampuni iliposhtakiwa katika korti ya katikati ya jiji, wakili wa serikali alimuuliza Ketsia alichosikia. Akasahau karatasi, akasema la mbuzi. Kisha akainuka wakili wa kampuni. Akazisoma karatasi zote tatu, polepole. Akaonyesha picha za kamera: saa ile Symphorien na Anicet walikuwa nje, wanapakua lori.

"Na mbuzi wako," akamuuliza Ketsia, "mbona hayumo humu? Nani aliandika?"

Ketsia akanitazama. "Papa Zakayo."

Jaji alisema sheria inaweza kuruhusu maneno ya marehemu yasikilizwe, ila lazima jaji amwamini shahidi aliyeyabeba. Hapa, akasema, hakuweza tena kujua nani alisikia nini. Kampuni ikaachiwa.

Tulirudi kwa treni, mimi, Bibiane na Ketsia. Tulipokipita kituo cha Blacktown, Bibiane akanigeukia.

"Papa Zakayo, mtoto wangu aliwaambia habari ya breki ama hakuwaambia?"

"Aliwaambia, mama."

"Basi nipe tena maneno yake. Si ya kwako."

Ketsia akainama sikioni kwake, akamwambia tena kama matangani. Bibiane akacheka, kidogo tu.

"Sawa mbuzi! Huyo ni Rodrigue. Huyo ni wangu kabisa." Kisha akajifunika uso kwa kitenge, akalia.

Nilikuwa na matusi ya kuitukana kampuni tayari mdomoni, ya miaka kumi na minne. Lakini aliyemfuta mbuzi ni mimi, si kampuni. Ketsia alihamia upande wa Bibiane, nami nikabaki na begi la karatasi magotini hadi mwisho wa safari.